Kadi ya Sikukuu Yenye Sura Zenu

Sikukuu za mwisho wa mwaka zimeanza kunukia, na kama kawaida ikifika tarehe 24 Disemba simu zetu zitalia mpaka chaji iishe. Salamu zitamiminika: mshumaa unaowaka, kengele mbili, nyumba iliyofunikwa na theluji, na maandishi ya dhahabu yasiyo na jina la mtu. Utaipokea, utaituma kwa mwingine, naye kwa mwingine, na ikifika saa nne usiku salamu ile ile inakurudia kutoka kwa shemeji yako wa Inyonga. Hapo ujue hakuna aliyemsalimia mwenzake. Tumepasiana tu, kama mpira.

Halafu jamani, Mpanda na theluji wapi na wapi? Disemba kwetu Katavi ni mvua. Watu wako kwenye mpunga na mahindi, viatu havikauki matope, na mbuga ya Katisunga kule hifadhini imegeuka kijani kitupu. Salamu ya kwetu ingetakiwa ifanane na kwetu.

Ndiyo maana mwezi huu nataka tuzungumzie kadi za sikukuu za kutengeneza wenyewe nyumbani, kwa picha zenu wenyewe. Naongea hasa na vijana mlioajiriwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 ukitoka Rukwa, na kuzaliwa kwa mkoa ni kuzaliwa kwa ofisi. Wakaja walimu, wauguzi, maofisa wa benki, askari wa hifadhi, wahasibu. Wengi mmetoka mbali: wazazi wako Moshi au Songea, mchumba yuko Mwanza, mtoto kaachwa kwa bibi yake Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Likizo haitoshi kila mwaka, nauli nayo ina mambo yake. Basi kama mwili hauwezi kufika, sura na ifike.

WAZEE WETU WALIANZA ZAMANI

Usije ukadhani haya ni mambo ya kuiga. Ni kweli kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa dukani ilitoka London mwaka 1843. Bwana Henry Cole alikuwa na marafiki wengi wa kuwaandikia na muda hana, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi. Zikachapwa nakala kama 1,000, zikauzwa shilingi moja ya Kiingereza kwa kila moja. Mchoro wenyewe ulionyesha familia mezani ikinyanyua bilauri, na mtoto mdogo akionjeshwa mvinyo. Basi wapinga ulevi wakaja juu! Kwa hiyo tangu kadi ya kwanza kabisa, gumzo lilikuwa lile lile: nani yupo kwenye picha, na anafanya nini. Litunze hilo, tutalirudia.

Lakini sisi tuna asili yetu. Uliza nyumba yoyote yenye albamu ya zamani. Mtu alikwenda studio, akachana nywele, akasimama kando ya ua la plastiki, akapigwa. Picha ikigeuzwa nyuma unakuta kalamu ya wino: jina, tarehe, mji, na neno "ukumbusho". Ile ndiyo kadi yetu. Ilitiwa kwenye bahasha ikasafiri hadi kwa dada aliyeolewa mbali au kwa mchumba aliyeko mafunzoni.

Unguja, studio ya Capital Art iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilipiga vizazi na vizazi vya watu wa mjini. Lamu alikuwepo marehemu Omar Said Bakor, fundi aliyejifunza mwenyewe, ambaye alikata picha za wateja kwa mkono na kuzibandika ndani ya maua na mapambo, ukashangaa mtu mzima kachomoza katikati ya ua. Kompyuta hana, mkasi anao. Na pale Likoni, Mombasa, miaka ya 1990 wapiga picha wa kando ya feri waliweka mapazia yenye meli na majumba, wafanyakazi wa mjini wakapigwa mbele yake, picha zikapelekwa kijijini kuonyesha kwamba mtu ni mzima na mambo yanakwenda.

Sisi leo kila mmoja ana kamera mfukoni. Tuna picha elfu tatu kwenye simu, na ukutani kwa mama hakuna hata moja. Siku simu ikiibiwa stendi, mwaka mzima umekwenda nayo.

KWANZA MKAE CHINI: NANI YUPO KWENYE PICHA?

Hapa ndipo penye utamu na ndipo penye mwiba. Kabla ya mkasi na gundi, mume na mke kaeni mkekani mchague picha moja. Moja tu. Utaona jinsi picha moja inavyofungua mazungumzo ambayo mmeyakwepa tangu Januari.

Tuseme baba alikuwa na mtoto kabla ya ndoa hii, na mtoto anaishi kwa bibi yake. Mama anachagua picha nzuri ya wanne: baba, mama na watoto wawili wa ndani ya nyumba. Inapendeza, mwanga safi, wote wanacheka. Inachapwa nakala tano, na moja inakwenda kwa bibi yule yule anayemlea yule mtoto wa kwanza. Fikiria sasa bahasha inafunguliwa mbele yake. Ana miaka tisa, anajua kusoma. Anasoma "familia yetu inawatakia heri", anahesabu vichwa, na chake hakimo. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza. Lakini ile kadi itakaa juu ya kabati mwaka mzima ikimwambia kila asubuhi kwamba hayumo.

Baba, usinyamaze hapo kwa kuogopa kuharibu raha ya jioni. Mama, usione kama unanyang'anywa nyumba yako. Suluhisho ni dogo. Kama mtoto hatafika mapema, tafuteni picha yake nzuri, muipange kadi kwa picha mbili pembeni kwa pembeni, ukubwa mmoja. Narudia, ukubwa mmoja. Siyo yeye awe kama stempu ya posta pembeni. Chini yake yaandikwe majina ya watoto wote kwa mpangilio wa kuzaliwa. Nimeona ndoa zikitikisika kwa mambo madogo kuliko hayo, na zikitengenezwa kwa madogo kuliko hayo pia.

Wachumba nao wana mtihani wao. Kama barua ya posa haijapelekwa, usimtumie baba wa binti kadi mliyokumbatiana ufukweni Karema huku jua linazama nyuma yenu. Kwako ni mahaba, kwa mzee ni kesi, na faini itaongezwa kwenye mahari. Piga picha yako peke yako, nadhifu, umesimama, andika salamu za heshima kwa wazee wote wa nyumba. Zile za kukumbatiana mpeane ninyi wawili.

Walio na dini mbili ndani ya nyumba moja, msilazimishe kadi moja itumike kote. Kwa wakwe Waislamu tengenezeni ya Idd, kwa wakwe Wakristo ya Krismasi, kila moja kwa wakati wake. Mkwe hahitaji uwe wa dini yake ndipo umtakie heri. Anachotaka kuona ni kwamba unajua siku yake kubwa ni ipi.

Na kama mwaka huu mmefiwa, msiogope. Kadi inaweza kuwa na picha ya mkono wa mama juu ya mkono wa mjukuu, au kiti cha marehemu chini ya mwembe, na maneno machache. Familia iliyofiwa nayo inahitaji salamu. Pengine kuliko zote.

PICHA YA WAPI, SAA NGAPI?

Wengi wanaharibu kwa kupiga saa sita mchana. Jua la utosini linatia macho vivuli vyeusi, kila mtu anakunja uso kama anadaiwa. Piga asubuhi kabla ya saa mbili, au jioni. Na hapa watu wa Katavi tumependelewa: kwa kuwa tuko magharibi kabisa ya nchi na saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam, jua letu huzama karibu nusu saa baada ya lao. Mwezi wa Disemba, saa kumi na mbili jioni Mpanda bado kuna mwanga mlaini wa dhahabu. Ukitoka kazini saa kumi unaoga, unavaa, unapiga bila haraka.

Mahali si lazima pawe pa gharama. Mlango wenu wa nyumba, kama ndiyo nyumba ya kwanza mliyopanga baada ya ndoa, una thamani kuliko hoteli. Kiwanja mlichonunua hata kama kina msingi tu, simameni juu ya msingi huo. Mizinga ya asali Mlele. Gunia la kwanza la mpunga. Ziwa Tanganyika pale Ikola au Karema, penye mitumbwi.

Wanaotaka wanyama, Sitalike iko jirani, ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, na viboko wa Mto Katuma huonekana pale pale. Ila mzingatie majira: viboko husongamana mabwawani wakati wa kiangazi maji yanapopungua, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba. Ukisubiri Disemba, mvua imeshawatawanya. Na tafadhali, kiboko si pambo la harusi. Usimsogelee kwa miguu, usimpe mgongo ili upate picha. Ndani ya hifadhi fuata maelekezo ya askari. Vilevile stesheni ya reli, uwanja wa ndege na majengo ya serikali, uliza kwanza kabla hujatoa simu.

SASA TUTENGENEZE

Mahitaji yako yote yanapatikana duka la vifaa vya shule: karatasi ya manila saizi ya A4, mkasi mkali, rula, penseli, kalamu nzuri, bahasha za saizi ya A5, na gundi. Kwenye gundi kuwa makini. Gundi ya maji inakunja picha ikawa kama kaukau. Tumia ile ngumu ya kijiti inayopakwa, au utepe wenye gundi pande mbili.

1. Peleka picha studio ikasafishwe saizi ya postikadi, yaani sentimita 10 kwa 15, inchi 4 kwa 6. Usimtumie fundi kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana inapunguzwa na ikichapwa inatoka na ukungu. Itume kama faili, au peleka simu na waya. Ili picha itoke safi kwa saizi hiyo, iwe na angalau nukta 1,200 kwa 1,800. Simu nyingi za siku hizi zinavuka hapo kwa mbali.

2. Acha nafasi kuzunguka watu unapopiga. Picha za simu nyingi zina umbo la 4 kwa 3, karatasi ya postikadi ni 3 kwa 2. Lazima kitu kikatwe. Simu ikiwa imelala, kinakatwa juu na chini, ndipo babu anapoondoka bila kofia. Simu ikiwa imesimama, kinakatwa pembeni, na shangazi wa mwisho kulia anabaki bega.

3. Chukua manila, ikunje katikati mara moja. Pitisha rula juu ya mkunjo ili ulale sawa. Umepata kadi ya sentimita 21 kwa karibu 15.

4. Pima kabla ya kubandika. Picha iliyosimama ibandikwe kwenye kadi iliyosimama. Itabaki nafasi ya kama sentimita 3 juu na chini, na zaidi kidogo ya 2 kila upande. Picha iliyolala, laza na kadi. Weka alama nne ndogo za penseli kwenye pembe, paka gundi nyuma ya picha, bandika, kisha funika na kitabu kizito usiku kucha.

5. Pamba kwa kiasi. Kipande cha kitenge au kanga kilichobaki kwa fundi cherehani kikibandikwa kama ukanda pembeni kinatosha. Jani la mti lililokaushwa ndani ya kitabu nalo ni zuri. Majani machanga ya miombo, yale mekundu yanayotoka kabla ya mvua, hukaushwa vizuri. Ukiweka na pamba, na kumeta, na maua, na utepe, umetengeneza keki, siyo kadi.

6. Watoto wapewe kazi ya kweli. Aliye darasa la pili aandike "Heri ya Krismasi" kwa mwandiko wake, hata kama herufi zinapanda mlima. Bibi atazipenda hizo kuliko za kompyuta.

MANENO YA NDANI

Kanga imetufundisha kwamba maneno machache yakikaa mahali pake yanafika. Kadi ni hivyo hivyo. Tatizo letu tunaandika kama tangazo: "Familia ya Bwana na Bibi inawatakia heri na fanaka tele." Hiyo ingeweza kwenda kwa mtu yeyote. Weka kitu kimoja ambacho ni cha mpokeaji peke yake.

Kwa mfano: "Mama, shikamoo. Ile mbegu ya maboga uliyotupa imezaa mpaka tunagawia majirani. Mjukuu wako ameshajua kufunga kamba za viatu. Hatutafika mwaka huu, lakini Pasaka tunakuja, tumeshaanza kuweka nauli." Mistari minne tu, lakini mama ataisoma, ataificha chini ya mto, atamwita jirani aje aisome tena.

Kama bibi ana lugha yake ya nyumbani, iwe Kipimbwe, Kibende, Kikonongo, Kifipa au Kisukuma, mpigie mzee anayeijua vizuri akupe salamu ya mstari mmoja, uiandike kama alivyoitamka. Nyuma ya picha kabla ya kubandika, au ukurasa wa mwisho, weka tarehe, mahali, na majina ya wote waliomo kuanzia kushoto. Miaka arobaini ijayo kuna mtu atakushukuru.

Na wewe mume usiandike peke yako, wala usimwachie mkeo aandike kila kitu kisha wewe usaini kama bosi. Kwa wakwe zako andika wewe, kwa mkono wako. Mke naye aandike kwa upande wa mume. Mkibadilishana hivyo, kila upande unasikia sauti ya yule ambaye hawakumzaa.

IFIKE KWA WAKATI

Kadi ya Krismasi inayofika Januari ni kama ugali uliopoa; unaliwa, lakini kwa kulazimika. Ukitumia Posta, andika S.L.P. ya mpokeaji vizuri na uitume mwisho wa Novemba, au wiki ya kwanza ya Disemba ukichelewa sana. Wengi wa wazee hawana sanduku. Tumieni la shule, la parokia, au la ofisi ya ndugu, na mumpigie huyo ndugu ajue. Ukituma kwa basi, andika jina na namba ya simu ya mpokeaji juu ya bahasha, chukua risiti, mwambie mpokeaji basi linaondoka siku gani. Weka kadi kati ya vipande viwili vya boksi gumu ili isikunjike chini ya mizigo. Za Idd zianze kutengenezwa mfungo ukiwa katikati, maana mwezi ukiandama haukusubiri ukaushe gundi.

Naona kaka mmoja pale ananuna: "Dada, muda uko wapi, na hizo gharama?" Kaka yangu, sijasema kadi hamsini. Nimesema tano. Moja kwa wazazi wako, moja kwa wazazi wa mwenzio, moja kwa aliyekulea au kukusomesha, moja kwa mtu mliyenuniana naye mwaka huu, na ya tano ibaki kwenye kabati lenu. Picha tano, manila tano, bahasha nne. Mnazimaliza Jumamosi moja jioni, televisheni ikiwa imezimwa.

Ile ya nne ndiyo ngumu, najua. Kumpigia simu mtu mliyegombana naye unatetemeka, hujui ataanza na neno gani. Kadi haikatizwi katikati ya sentensi. Inafika, inakaa mezani, inamsubiri mwenyewe apoe. Akiwa tayari ataifungua, ataona watoto walivyokua, na pengine atakuwa yeye wa kupiga simu. Asipopiga, umesalimia, na moyo wako umekuwa mwepesi.

Basi mpenzi msomaji, kabla hujalala leo, mwite mwenzio mfungue simu mpitie picha za mwaka huu tangu Januari. Msichague kwa haraka. Mwezi ujao tutazungumzia bajeti ya sikukuu na wageni wasiopiga hodi. Mpaka hapo, mkae salama na mpendane.